Kumsindikiza Advera hadi Itetemia

Wifi yangu Advera ni mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kumenitesa sana. Ameolewa na kaka yangu Kasimiri, tunaishi kiwanja kimoja hapa Itetemia, tunamenya karanga pamoja, na bado sijawahi kumtoa neno hata moja kuhusu watu wa ofisini kwao. Nimembembeleza, nimemnunia. Ananitazama tu na kusema, "Wifi, menya karanga."

Kazi yake ni kuwasikiliza watumishi wa serikali. Ukiwa umeelemewa na ndoa, pombe, msiba au ugonjwa, una haki ya kwenda kwake ukaseme, na utakachosema kinabaki hapo hapo. Ndivyo walivyotangaziwa. Wakampa chumba, wakakipaka rangi, wakaweka benchi la kusubiria mlangoni. Benchi lenyewe wakaliweka kwenye korido ambayo ofisi nzima inaipita kwenda kunywa chai ya saa nne.

Sasa jamani, aliyepanga vile ni mtu wa Tabora kweli, au aliokotwa? Hapa humpiti mtu aliyekaa ukamwacha bila salamu. Kila aliyepita alisimama: habari za nyumbani, watoto hawajambo, mguu wa mama unaendeleaje, na mwisho, "Mbona umekaa hapa, kulikoni?" Mtu amekuja na jambo zito kifuani, asubuhi yote anaimaliza akijibu salamu. Wengi walinyanyuka wakadai wanamsubiri fundi wa kompyuta. Benchi likabaki la vumbi.

Advera hakumlalamikia mtu. Alikifunga chumba, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Kazi ikiisha anachukua kikapu chake anatoka, na mtumishi mmoja anamsindikiza. Ukimsindikiza mtu, hakuna anayekuuliza kitu. Unamsogeza mwenzako, mnaongea, unarudi. Anayewapita anasalimia huku anatembea, kwa sababu watu walio njiani hawacheleweshwi. Wengine walimfikisha hadi karibu na kwetu, kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi wa pembe za ndovu. Mimi nikiwaona kwa mbali wanavyotikisa vichwa, roho ilikuwa inanitoka kwa hamu ya kujua.

Mwaka jana likaja la Octavian. Huyu ni bwana shamba wa Ntalikwa, mwanamume mpole, na siku moja alilia mbele ya mkutano wa wakulima, katikati ya maelezo ya mbolea. Habari zikafika ofisini kabla hajapangusa uso. Baadaye watu walimwona akimsindikiza Advera. Mkuu wa utumishi, Bwana Erasmus, akamwita Advera ofisini kwake. Alitaka kujua Octavian ana nini. Kama kichwa kimeharibika, alisema, bora aondolewe mapema.

"Siwezi kukwambia, mkuu," Advera akajibu.

"Chumba nilikupa mimi."

"Ufunguo wake huu hapa."

Akauweka mezani. Haya nayapata kwa Zamda, katibu muhtasi, ambaye masikio yake hayajui likizo. Bwana Erasmus akampa wiki moja achague: amseme Octavian, au ahamishiwe porini huko ambako hata simu inashika kwa kuomba.

Niliposikia niliogopa, na nikiogopa huwa nakasirika. Mama yetu amelala kitandani muda mrefu, na Advera ndiye anayemwogesha na kumgeuza. Kasimiri hawezi, na mimi mgongo wangu ni huu. Nikamwambia wazi, amseme huyo Octavian, tumemzaa sisi?

"Wifi," akasema, "nikiwa mtu wa kutangaza ya Octavian, utaniachia mama yako nimvue nguo?"

Nilimnunia hivyo hivyo.

Bwana Erasmus hakungoja wiki iishe. Alimtuma dereva wake, Masele, amfuate Advera kwa gari aone ni akina nani wengine wanaomsindikiza. Jioni ile nililiona gari la serikali likitambaa nyuma ya wifi yangu kama ng'ombe aliyechoka. Advera alikuwa peke yake, watu walikuwa wameshaogopa. Aligeuka akaliendea.

"Masele, kama unanisindikiza, shuka utembee."

Masele akazima gari, akashuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Wakatembea polepole hadi karibu na kwetu, wakasimama, na Masele akaanza kuongea. Aliongea hadi jua likazama, akijifuta macho kwa mkono wa shati. Niliacha karanga nikatega sikio, sikuambulia kitu.

Kesho yake asubuhi bosi akamuuliza nani kaonekana. Masele akasema hakuna, aliyemsindikiza ni yeye mwenyewe.

"Mkaongea nini?"

"Yangu tu, mkuu."

Zamda anasema Bwana Erasmus aliiacha chai ikapoa. Masele amemwendesha miaka mingi. Anajua safari ipi ilikuwa ya kazi na ipi haikuwa, na anajua gari lile limewahi kulala nje ya nyumba za nani.

Jioni nikaona kitu ambacho sikutegemea kukiona: Bwana Erasmus, na tai yake shingoni, amebeba kikapu cha Advera chenye bamia na dagaa. Walifika hadi getini kwetu. Safari hii nilisikia.

"Mama Advera, Masele alikwambia nini?"

"Siwezi kukwambia, mkuu."

"Niambie tu kama nimetajwa."

"Siwezi."

Akashusha kikapu. "Uhamisho nitaufuta. Octavian nitamwacha kazini kwake."

"Nashukuru," Advera akasema. "Na bado siwezi kukwambia."

Nilidhani atafoka. Alilegeza tai. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nikikwambia langu?"

"Akiulizia mtu, atajibiwa kama ulivyojibiwa wewe."

Bwana Erasmus akavuta pumzi. "Kule nyumbani kwangu," akaanza, na Advera akanigeukia mimi.

"Wifi, ingia ndani."

Nikaingia, na mlango nikaufunga mwenyewe.