Mashine Zote Zitafutwa

Ofisini tulimwita Shangazi, na hata mkurugenzi alimwamkia kwa adabu. Alikuwa mhazili wetu kwa miaka ishirini na sita, mcheshi kupita kiasi. Mimi fundi wa kompyuta aliniita "daktari wa mabati". Saa ya chakula wenzake wakitoka, yeye alibaki anachapa maisha ya mama yake mzazi. Mama hakujua kusoma. Alisimulia jioni nyumbani, na kesho yake mchana Shangazi akayachapa, mpaka zikafika kurasa mia mbili na kumi. Kisha mama akaanza kupotewa na kumbukumbu, maskini, na yote aliyoyajua yakabaki kwenye ile kompyuta tu.

Basi virusi vikatuingilia. Si ajabu, kila mtu alikuwa na programu zake na flashi yake mfukoni. Nikaagizwa kompyuta zote ziendeshwe kutoka chumbani kwangu, na kwanza zisafishwe kabisa. Kwa kichwa changu kigumu nikabandika tangazo mlangoni: "Ijumaa jioni mashine zote zitafutwa." Nilitakiwa nipite meza kwa meza niulize nani ana kitu cha kuhamisha. Sikupita. Nilijiona najua.

Ijumaa nikakuta Shangazi ameondoa vikombe na karatasi mezani, na juu ya kibodi ameweka kitambaa safi kilichokunjwa. Nikadhani ni utani wake. Nikakiweka kando, nikaendelea na kazi.

Jumatatu akanifuata.

"Daktari, mbona vumbi liko vile vile? Na kurasa za mama umezipeleka wapi?"

"Shangazi... nimezifuta."

"Kufuta si kufuta vumbi?"

Yarabi toba! Neno moja tu, na mimi ndiye niliyeliandika. Nilihangaika na ile mashine siku nne, sikupata hata mstari. Hakunigombeza, afadhali angenitukana.

Sasa kompyuta zetu ziko salama, nasifiwa mikutanoni, na naona haya. Jumamosi ya wiki ile ile nilikwenda kwao na kinasa sauti, nikidhani tutaanza upya. Shangazi akapiga magoti mbele ya mama yake, akamwomba amsimulie tena alivyokuwa msichana. Bibi akamtazama kwa upole.

"Kamuulize mama yako, mwanangu," akasema. "Wazee ndio wanaokumbuka mambo hayo."