Saa ya Kitwe

Marita hakuwa mtu wa mpira. Hili liwekwe wazi mapema, maana wapo watu wa Tunduma waliokuja kumsifu baadaye utadhani alikuwa shabiki tangu utoto. Uongo mtupu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Marita aliuchukia mpira kama mwanamke anavyomchukia mke mwenza, na alikuwa na sababu.

Alizaliwa Ndalambo, akaolewa na Kefa Sinkala, kijana aliyekuja likizo kutoka migodi ya shaba ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka. Likizo ilikwisha baada ya wiki sita. Kefa akarudi mgodini, Marita akabaki na jembe, mama mkwe na mimba ya Enesi. Ikawa hivyo miaka kumi na minne. Mume anakuja kila baada ya miaka miwili, anakula ugali wa ulezi mpaka mashavu yanarudi, anaezeka upya sehemu ya paa inayovuja, anaondoka. Na akija anazungumza nini? Mpira. Timu ya mgodi, yeye winga, Jumapili ile walipowatoa jasho watu wa Mufulira. Marita alimsikiliza huku akipeta ulezi wake, akijiuliza kwa nini Jumapili zote za mumewe walipewa wanaume wengine. Yeye Kitwe hakuwahi kufika. Hakuwahi kumwona Kefa akigusa mpira hata mara moja.

Mwaka sitini na mbili Kefa alirudi moja kwa moja, na kikohozi. Vumbi la mgodini lilikuwa limemkaa kifuani na halikuwa na nia ya kuhama. Baruti za huko chini nazo zilikuwa zimelichukua sikio lake moja. Wakajenga Tunduma, kando ya barabara kuu, jirani na duka la Bashiri, mfanyabiashara aliyetoka Tabora. Katika sanduku lake la bati Kefa alikuwa na redio ya betri na saa ya mkononi iliyokatika mkanda. Saa akaitundika kwenye msumari ukutani, na hapo ndipo ukaidi wake ulipoonekana.

Mpaka wa Tunduma una jambo lake. Ukivuka tu kwenda upande wa pili, saa inarudi nyuma kwa saa moja nzima. Saa ya Kefa ilikuwa imekuja na majira ya Kitwe, na mwenyewe alikataa katakata kuisogeza.

"Imezoea shifti zake," alisema. "Iacheni."

Basi nyumba nzima ikajifunza kujumlisha. Saa ya ukutani ikisema ni saa mbili, kanisani ni saa tatu na kengele imeshalia. Marita alijumlisha bila kufikiri, kama mtu anavyoruka dimbwi lililo mlangoni kwake siku zote.

Habari ya ligi iliingia Tunduma kwa lori, mwaka sitini na tano. Aliyeileta ni Gwakisa, utingo wa kutoka Tukuyu, akiwa na gazeti alilolikunja ndani ya shati lisipate vumbi. Bashiri akalisoma kwa sauti barazani pa duka lake, na watu wakasogea. Nchi itakuwa na ligi ya taifa. Timu zitakutana nyumbani na ugenini, pointi zitahesabiwa, na mwisho wake atapatikana bingwa wa nchi nzima. Mchezo wa ufunguzi utatangazwa redioni, Jumapili, saa kumi alasiri.

Baraza likalipuka. Wapo waliopiga vigelegele kabla hawajaelewa pointi ni kitu gani. Wapo walionuna kwamba katika orodha ile hapakuwa na hata timu moja ya huku mpakani, utadhani ramani ya nchi ilikatwa kwa mkasi. Mzee mmoja aliuliza kama ligi hiyo italeta barabara ya lami, akaambiwa aulize serikali, akasema ndiyo maana anauliza. Jina lenyewe la Tanzania lilikuwa bado jipya mdomoni, na wengine walilitamka polepole walipolikuta kwenye gazeti. Wale waliowahi kufanya kazi migodini ndio waliojitia ujuaji.

"Ligi si kitu kipya," alisema mmoja wao. "Sisi tulikuwa nayo huko zamani."

Kefa alikuwa ameketi kwenye gunia la chumvi, blanketi begani. Hakupenda kubishana siku hizo, kwa sababu kila neno lilimgharimu pumzi. Lakini hili hakuliacha lipite.

"Ile ilikuwa ya mwenye mgodi," alisema. "Ukivunjika mguu wanaweka mwingine, kama jembe. Hii ni yetu wenyewe. Hata tukifungwa, tumefungwa nyumbani."

Kisha akakohoa mpaka Bashiri akamshika mabega. Marita, aliyekuwa amekuja kumchukua, alishangaa kuona macho ya mumewe yamelowa, na kwamba haikuwa kwa sababu ya kikohozi.

Siku zilizofuata Kefa hakutoka tena ndani. Mganga wa zahanati alimwita Marita nyuma ya nyumba akamwambia ukweli, kwamba sasa wahesabu siku, wasihesabu miezi. Marita alipoingia ndani alikuta Kefa anamtazama, na akajua kwamba naye anajua.

"Mama Enesi," alisema, "dawa nimezichoka. Nakuomba kitu kimoja. Jumapili uniamshe, nisikie mpira unavyoanza. Ukianza tu, mengine si kitu."

Miaka yote ya ndoa yao Kefa alikuwa hajamwomba kitu. Aliagiza, alishukuru, alileta vitenge, lakini kuomba, hapana. Marita akaitikia, na ile chuki yake ya zamani akaiweka pembeni, kama mtu anavyoweka mzigo chini ili aifungue milango yote miwili.

Jumamosi Bashiri alileta betri mpya.

"Shemeji, hizi ni zawadi ya mgonjwa," alisema. "Sisi wengine tutasikiliza dukani kwangu, tusije kumjazia nyumba akakosa hewa. Ukiisha mchezo tutakuja kumpa mkono."

Jumapili hiyo ilikuwa ya kipupwe kibaya. Ukungu ulishuka tangu asubuhi ukakataa kuondoka, na jua halikuonekana lilipopita. Marita alikuwa hajalala usiku mbili. Mchana Kefa akapata usingizi, usingizi wa kweli, wa kwanza baada ya siku nyingi. Kifua kikawa kinapanda na kushuka bila kugombana. Marita akaketi kwenye kigoda, akaitazama saa ukutani. Saa tisa. Akashukuru Mungu. Bado saa nzima ya kumwacha alale.

Alikaa pale saa nzima. Alisikia kelele kutoka barazani kwa Bashiri, akadhani wanagombania mahali pa kukaa, akawalaani kimoyomoyo wasije kumwamsha mtu wake. Hesabu aliyoifanya kila siku kwa miaka mitatu ilimponyoka siku hiyo moja.

Saa ya ukutani ilipotimia kumi, aliiweka redio karibu na kitanda, akaifungua kwa sauti ya chini. Sauti ya mtangazaji ilikuja na kupotea, ikaja tena.

"...dakika ya sita ya kipindi cha pili, na bado hakuna aliyeliona lango la mwenzake..."

Marita alibaki ameshika kitufe. Aliitazama saa ukutani, na sasa akaijumlisha, na hesabu ikatoka kamili. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyetumwa maji akauvunja mtungi mlangoni. Kitu kimoja, kimoja tu alichoombwa, na amekiharibu.

Angeweza kumwambia. Kefa asingemgombeza, na hilo ndilo aliloliogopa zaidi.

"Baba Enesi, amka," alisema. "Mpira."

Kefa alifungua macho. "Umeanza?"

"Ndiyo kwanza unaanza."

Alimwinua, akamwegemeza kifuani pake, akaisogeza redio upande wa sikio lake zima. Kefa akasikiliza. Uso wake ulibadilika mbele ya macho ya mkewe, akawa kijana ambaye Marita hakuwahi kumjua. Alitikisa kichwa winga alipokawia kutoa krosi. Alifumba ngumi kona ilipopigwa. Vidole vya miguu vilicheza chini ya blanketi. Na kila mtangazaji alipoelekea kusema ni kipindi gani, Marita alikohoa, au akalinyoosha blanketi lisilohitaji kunyooshwa, akiomba mawimbi ya redio yaimeze sauti. Mara nyingi yaliimeza. Kama kuna neno lililopenya, Kefa hakuonyesha.

Filimbi ya mwisho ikalia. Sifuri kwa sifuri.

"Mapumziko," alisema Kefa, akashusha pumzi. "Wameanza vizuri. Wanaogopana, lakini wameanza vizuri."

Marita akaizima redio upesi. "Tuzitunze betri," alisema.

Wakati huohuo hodi ikabishwa. Alikuwa Bashiri, na nyuma yake Gwakisa, nyuso zao zimewaka, kila mmoja ana la kusema.

"Karibuni, mukwai," alisema Kefa, kwa adabu ya Kibemba aliyokuja nayo kutoka Kitwe. "Mmefanya vema kuja wakati wa mapumziko. Kipindi cha pili tusikilize pamoja."

Gwakisa alifungua kinywa. Bashiri akamkanyaga mguu, tena kwa kisigino. Alimtazama Marita, akaona vile alivyotikisa kichwa, kidogo tu, na macho yake yalivyokuwa. Kisha akavuta kigoda akaketi.

"Mapumziko, naam," alisema Bashiri. "Unaonaje, kaka, nani atashinda?"

"Anayepumua vizuri," alisema Kefa, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Walizungumza kidogo, wanaume watatu na mchezo uliokwisha, wakipanga nani atolewe na nani asogezwe mbele. Gwakisa alijibu alipoulizwa, akiangalia sakafu. Kefa alipoanza kusinzia katikati ya sentensi, wakaondoka kwa ncha za vidole.

"Imekuwaje, shemeji?" Bashiri aliuliza nje.

"Nilisahau kujumlisha."

Bashiri alielewa mara moja. Nani Tunduma asingeelewa? Alivua kofia yake, akaivaa tena. Alhamisi iliyofuata, walipokuwa wakichimba kaburi la Kefa, alimwambia Gwakisa kwamba toba ya uongo mwingine wote ameshaiomba, ila huo wa Jumapili hatauombea.

Lakini jioni ile ya Jumapili Kefa alikuwa bado hai, na aliamka. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Marita alikuwa ameketi palepale kitandani, maneno ya kuungama ameshayapanga yote.

"Kipindi cha pili?" Kefa aliuliza.

"Ulilala, baba Enesi. Umekwisha."

Kefa aligeuza kichwa kuelekea redio iliyozimwa. Marita alishindwa kuutazama uso wake.

"Lakini wewe ulisikiliza," alisema Kefa.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema kweli. "Nilisikiliza," alisema Marita.

"Basi nisimulie."

Akaanza. Alikuwa na maneno ya dakika arobaini tu, ndiyo aliyoyatumia yote. Akasema mpira umepigwa katikati, umekwenda kulia, kona, wametoa, kona tena. Mwanzoni alisitasita, kisha akashika mwendo. Alisema beki ameudaka mpira kwa mikono miwili akamrushia mwenzake.

"Hiyo ni adhabu, mama Enesi," alisema Kefa, macho amefumba.

"Ndiyo. Refa amepuliza. Wameupiga, umepita juu."

"Endelea."

Akaendelea. Aliwakimbiza wanaume wale ishirini na wawili chumba kizima, akawaangusha, akawainua. Jasho lilimtoka ijapokuwa kulikuwa na baridi. Hata hakujua mchezo humalizwa namna gani, na kwa kuwa hakutaka umalizike bure, akasema goli.

Kefa alifungua macho. "Kafunga nani?"

Marita alitafuta jina. Mtangazaji alikuwa ametaja majina mengi, na yote yalikuwa yamempotea. Katika dunia nzima ya wanaume wanaocheza mpira, alimjua mmoja. Jina lake hakuwahi kulitamka mbele yake tangu alipoolewa. Mke wa heshima kwao humwita mumewe baba wa mtoto, basi.

"Kefa," alisema.

Nje lori lilipita likielekea mpakani.

"Kwa mguu gani?"

Marita hakujua. Hakuwa amewahi kuona. "Wa kushoto," alisema.

"Naam," alisema Kefa, akamshika mkono. "Wa kulia mabeki walishaujua."