Kuku wa Fundi Viatu Akwama na Yai

Shangazi yangu alifagia wodi ya wazazi mpaka akastaafu. Hakuzalisha mtu hata siku moja, ila matusi ya wakunga aliyabeba yote akaja nayo nyumbani, na siku hizi anawamwagia kuku wa mtaa mzima. Kuku akikwama na yai, analetwa kwetu. Mwenye kuku hasalimiwi. Anaitwa baba mtoto, hata akiwa mwanamke, na anaamriwa asubiri nje.

Anamkalisha kuku kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anampaka mafuta ya kula kule nyuma, kisha anampapasa tumbo taratibu. Ukiminya kwa pupa, yai linapasukia ndani na kuku ndiyo basi tena. Mikono inabembeleza, mdomo unatukana.

"Sukuma, mvivu mkubwa wewe! Ulipokuwa unamkimbilia jogoo uliniita?"

Beseni lenyewe ndilo tunalofulia nguo. Nimeshalalamika, nikaambiwa nihame.

Asubuhi moja alikuja fundi viatu wa nyumba ya nyuma, amekumbatia boksi. Ndani mlikuwa na kuku wake mwekundu, macho kayafumba, mkia umelegea. Tangu mkewe afariki, mzee yule anaishi na kuku huyo chumba kimoja na anaongea naye kuliko anavyoongea na sisi. Kusubiri nje alikataa katakata.

Shangazi akapapasa. Akapapasa tena. Halafu akasema kwa upole, "Pole, mama. Jikaze kidogo."

Nilishtuka; shangazi hutoa pole akishakata tamaa. Fundi akashika ukingo wa meza.

"Dada, mbona humtukani?"

"Tulia, kaka."

"Mtukane basi. Nakuomba."

 Shangazi akaanza kwa sauti ya kutetemeka, ikapanda, mpaka akamtukana kuku, mama yake kuku na aliyemuuzia pumba. Maji yakapoa, nikaongeza ya moto. Mwishowe yai likachomoka, kubwa, lina damu, na kuku akajikung'uta akatulowesha sote. Fundi alilia bila aibu. Sisi tukajifanya tunapiga deki.

Kesho yake akasimama tena mlangoni na boksi lake.

"Amekwama tena?" shangazi akauliza.

"Hapana. Mzima kabisa."

"Sasa umemleta wa nini?"

"Kwenu kuna kelele," fundi akasema, macho chini. "Kwangu kimya mno."

Shangazi akavuta viti viwili, kimoja cha boksi.