Nusu ya Ngoro

Mimi ni mchonga mihuri. Kibanda changu kiko karibu na soko la Mbinga: mihuri ya mpira ya watendaji wa vijiji, fulana za harusi, vitambaa vya jumuiya. Shahada yangu ya sanaa nimeitundika ukutani, juu ya meza ya kukatia mpira, na wateja huwa wanadhani ni leseni ya biashara. Kwa miaka ishirini na sita nimechonga majina ya watu kinyume ili yasomeke sawasawa, na kazi ya namna hiyo humpa mtu majivuno ya kimyakimya. Anaanza kuamini kwamba yeye huona upande wa pili wa kila kitu.

Ndiyo maana sikushangaa vya kutosha siku ilipofika barua ya Dokta Lusekelo, mkuu wa idara ya sanaa katika tawi dogo la chuo kikuu lililoko juu ya mji. Alikuwa ameona picha zangu mbili za ubao katika ukumbi wa parokia, akanialika chuoni kwa miezi mitatu. Ningepewa chumba, ubao na wino, nami ningetoa picha moja kubwa ya kilimo cha ngoro, yale mashimo ya mteremkoni ya kwetu Umatengoni, itundikwe katika ukumbi mpya. Mke wangu Loveth, mzaliwa wa Mbaha kule ziwani, aliisoma barua mara mbili.

"Msanii mkaazi," alisema. "Kwani unahama?"

"Ni cheo hicho."

"Cheo cha kukaa." Akageuza dagaa wa usipa kwenye kikaango. "Hicho utakiweza."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshafika mbali. Barua ilisema pia kwamba wanawake kumi wa Mkumbi, wakulima wa ngoro, wangealikwa siku ya ufunguzi. Mmoja wao ni dada yangu Emiliana. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeshika jembe, na mimi nikashika daftari hadi chuo kikuu. Hajawahi kulalamika. Hajawahi pia kusema lolote kuhusu picha zangu, hata moja. Nilitaka asimame mbele ya hii, aione kazi yake humo, na ajue kwamba yale maharage yote aliyoyauza kunisomesha hayakupotea bure.

Mwezi wa kwanza niliharibika kabisa. Wanafunzi waliniita Mwalimu, nami nikaanza kutembea kama mwalimu, mikono nyuma. Nilijifunza kusema "mchakato" bila kucheka. Kijana mmoja aliniuliza kama ubao huwa unaniambia kitu. Nikatazama dirishani kwa muda, nikamjibu kwamba ubao hausemi, hunong'ona. Aliandika! Hadi leo nikikumbuka kalamu ile ikitembea kwenye karatasi, masikio yanapata moto.

Ubao wenyewe ulikuwa mbao tatu za mkangazi zilizounganishwa na seremala, urefu wa mtu mzima. Katika kazi hii, unapochimba kwa patasi wino haufiki, panabaki peupe. Unapoacha ndipo panapokuwa peusi. Nilichonga kwa wiki saba mteremko mzima wa Mkumbi: miraba ya majani, mashimo, na mwanamke mmoja mkubwa akiwa ameinua jembe dhidi ya anga. Nikapaka wino kwa rola, nikatandika kitambaa cha marikani, nikasugua kwa mgongo wa mwiko, nikaibandua. Dokta Lusekelo alisimama mbele yake, akavua miwani.

"Pankras," alisema, "hii ni falsafa."

Sikumkatalia.

Alasiri hiyo mama Ottilia, anayefanya usafi katika jengo letu, aliingia na ndoo. Akaitazama picha muda mrefu, fagio la kudekia likidondosha maji kwenye viatu vyangu.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Huyu mama ni wa wapi?"

"Wa Mkumbi."

"Mh. Amesimama juu ya majani."

"Ndiyo."

"Sasa akisimama hapo atayafukia na nini? Na miguu?" Akasogea karibu. "Na udongo wote ameutupa upande wa bondeni. Mvua moja tu, Mwalimu, na maharage yake yataliwa na samaki huko ziwani kwa wakwe zako, Mbaha."

Nikacheka kidogo, kicheko cha msomi anayesahihishwa. Kisha nikatazama, na kicheko kikanikauka.

Kwetu Umatengoni ngoro ina mikono miwili. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza mistari, wima na mlalo, hadi mteremko wote uwe miraba. Hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke ndiye anayechimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, ili yaoze, matuta yashike, na maji yatulie shimoni badala ya kuuburuza mlima. Mimi tangu utotoni nimelaza majani. Nikimaliza mstari wa mwisho nilikuwa nakung'uta mikono na kuondoka. Nikirudi naikuta ngoro tayari, kama vile mtu anavyokuta ugali mezani. Mistari ya picha yangu ilikuwa sahihi kabisa. Kilichofanyika ndani yake nilikitunga. Dokta Lusekelo, mtu wa Rungwe, angeuliza. Mimi niliona aibu kuuliza jambo la nyumbani kwetu.

Nilimwendea ofisini. Zilibaki siku kumi na moja.

"Iache tu," alisema. "Wageni wa makao makuu hawatajua."

"Wa Mkumbi watajua."

"Wako wangapi?"

"Kumi."

Akafikiri. "Tutawaketisha nyuma."

Kesho yake nilikuwa Mkumbi. Ulikuwa mwezi Machi, majani yameshalazwa, na Emiliana yuko shambani na jirani yake Tadea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka kuchimba."

Tadea alishika kiuno. "Emiliana! Kumbe chuo kikuu wanatoa na wake? Huyu tutamtafutia mume leo leo!"

Emiliana hakucheka. Alinipa jembe. Nikasimama juu ya majani, kama yule mwanamke wangu wa ubaoni, nikavuta udongo kuja kwangu.

"Shuka hapo. Ingia katikati," alisema. "Udongo unautoa pande zote nne. Usivute upande mmoja kama unafukia paka. Majani yasionekane hata unywele."

Nilichimba mashimo manne mchana kutwa; Tadea peke yake alimaliza mistari mitatu, huku akiimba kwa Kimatengo wimbo uliokuwa na jina langu. Lakini katika lile shimo la nne nilielewa kitu. Ukiwa ndani, mlima hauuoni. Anga nililolichonga kwa majigambo halipo. Kuna kingo nne, harufu ya majani yanayofunikwa, na mgongo wako. Dada yangu amekaa humo miaka arobaini, na mimi nilikuwa nimemchora kutoka barabarani.

Ubao uliochongwa haurudishiwi mbao. Niliporudi chuoni niliugeuza, nikaanza upya nyuma yake, viganja vina malengelenge, patasi inateleza. Safari hii nilichonga kutoka ndani ya shimo, kingo zikipanda moja juu ya nyingine. Siku ya ufunguzi ilipofika nilikuwa nimefika katikati. Nikachapa hivyohivyo. Nusu ya kushoto ilikuwa ngoro. Nusu ya kulia, ambako patasi haikufika, ilitoka nyeusi tii.

Dokta Lusekelo aliitazama asubuhi ile, kisha akapanda jukwaani na kuwaeleza wageni kwamba weusi ule ni ukimya wa historia. Walipiga makofi. Mgeni wa makao makuu alinishika mkono kwa nguvu, nami, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa kama mtu aliyekusudia.

Wanawake wa Mkumbi walisogea baadaye. Emiliana alipita mashimo ya kushoto polepole, moja baada ya jingine, midomo ikicheza kama anayeyahesabu. Akaweka kidole pale weusi unapoanza.

"Hapa ndipo ulipoishia."

"Ndiyo, dada."

"Maana nawaona watu wanapiga makofi kama umemaliza."

Mpiga picha alikuja mbio, akamwomba dada yangu asimame kando ya mchoro. Emiliana alijifunga vizuri kitenge, nikadhani anajiandaa.

"Sipigwi picha na shamba la nusu," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Huku umechimba vizuri. Huku bado. Utamaliza kwa siku ngapi?"

"Saba."

"Tadea, umesikia? Amesema saba." Wakaondoka kwenda kula pilau.

Mkataba wangu uliisha Ijumaa ya wiki hiyo. Jumatatu asubuhi mama Ottilia alinikuta nimepiga magoti juu ya ubao.

"Mwalimu, si walishakuaga?"

"Nina mistari minne bado."

Akatazama, akachovya fagio kwenye ndoo, akadeki kunizunguka.