Dada Kumi na Wawili wa Gauni la Njano

Bibi Kokushubira wa Igogo hakuwahi kumwonea wivu mwanamke mwenzake. Marehemu mume wake, Rwehumbiza, alipomwambia siku moja kwamba anafikiria kuongeza mke, Bibi alicheka muda mrefu mpaka mzee akaona aibu, akatoka nje kwenda kuangalia kama mvua inakuja. Jirani akinunua friji, yeye hupeleka samaki wake wakagandishwe humo na kushukuru kwa moyo mweupe. Lakini mwaka huu, akiwa na miaka sabini na kitu, aliingiwa na wivu wa kusaga meno, na aliyemtia wivu huo alikuwa hana mikono, hana kiuno, na uzito wake haukuzidi chapati mbili. Kilikuwa kitabu cha picha.

Darasani Bibi hakuingia utotoni. Kwa maelezo yake, shule ya kwao Muleba ilikuwa ng'ambo ya mto, na mtoni aliishi mamba aliyewavusha wavulana mgongoni na kuwala wasichana. Ukweli ni kwamba baba yake aliwapeleka shule wavulana, yeye akabaki kupalilia migomba. Akaolewa, akaja Mwanza kwa meli, akauza dagaa soko la Mkuyuni kwa miaka thelathini, na magoti yalipogoma akahamishia gunia lake mlangoni kwake, katikati ya mawe mawili makubwa ambayo, ukimsikiliza yeye, huwa yanasogea kila mwaka ili yampishe.

Mlangoni hapo ndipo alipojulikana. Kila saa kumi jioni, akina mama wakiwa wamewasha mkaa, watoto wa mtaa walijikusanya mbele ya gunia, naye akawauliza swali lake lile lile:

"Mnataka ukweli au mnataka utamu?"

"Utamu."

Basi hapo wangesikia habari za sangara aliyemeza kanisa zima la Walutheri, na ndani ya tumbo lake ibada ikaendelea mpaka sadaka. Na hadithi ilipofika pale ambapo hata mbu angesimama kusikiliza, Bibi alikung'uta kitenge chake akasema kesho ni siku. Kesho yake watoto walirudi wote.

Mbele ya wote alikaa Winnie, mjukuu wake, wa darasa la kwanza. Mama yake Winnie, Jovina, alifanya kazi kiwanda cha samaki, leo zamu ya mchana, kesho zamu ya asubuhi, hivyo mtoto alikuwa mali ya Bibi tangu alipoachishwa ziwa. Mahali pa Winnie palijulikana: katikati ya magoti ya Bibi, mgongo umeegemea tumbo. Hakuna mtoto mwingine aliyethubutu kukaa pale. Joto la ule mgongo mdogo, Bibi asingelibadilisha hata kwa meli na nahodha wake.

Ndipo akaja Mwalimu Odeta. Alikuwa binti wa Kikerewe, mwembamba, mpole wa sauti, aliyepewa darasa la kwanza akaingia na boksi la vitabu vya picha. Kila Ijumaa mtoto mmoja mmoja alichukua kitabu kwenda nacho nyumbani na kukirudisha Jumatatu. Ijumaa hiyo zamu ilikuwa ya Winnie.

Saa kumi Bibi akapigapiga mapaja yake. Winnie hakuja. Alikuwa ameketi kizingitini, kitabu kimefunguliwa juu ya magoti yake.

"Winnie, nafasi yako inapoa."

"Subiri Bibi, nasoma."

"Unasoma nini? Humo hamna hata herufi, nimeona mwenyewe."

"Herufi ipo juu tu, kwenye jalada. Ndani nasoma picha. Mwalimu anasema ukiiangalia sana inakuambia kitu."

Bibi akaanza hadithi peke yake, kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Sangara hajafika hata mlangoni mwa kanisa, watoto wawili wakateleza kwenda kizingitini. Wakafuata watatu. Mzee Masele, fundi viatu wa ng'ambo ya kichochoro, Msukuma aliyekuwa mtani wake tangu Rwehumbiza yu hai, akainua macho kutoka kwenye sindano yake.

"Mama Jovina, naona soko limehamia kwa Winnie."

"Shona viatu, Masele."

"Nashona. Ila wateja wako wanapita hapa kama hawakujui. Ninyi Wahaya si ndio mnajua kuongea? Leo mmeshindwa na makaratasi."

Bibi akakung'uta kitenge chake kabla hadithi haijafika popote. Ugali wa jioni ile hakuumaliza.

Jumapili akasingizia goti. Jovina na Winnie walipokwenda kanisani, akafunga mlango, akakichukua kitabu kile na kukiweka mapajani, palepale alipozoea kukaa mjukuu wake, akataka kujua kina nini ambacho yeye hana.

Ukurasa wa kwanza, msichana mwenye gauni la njano, na kuku anakimbia. Wa pili, msichana mwingine mwenye gauni la njano, yuko sokoni. Wa tatu, mwingine, anapanda mawe. Bibi alizoea televisheni ya jirani, ambamo mtu hutembea ukamwona anatoka hapa anafika pale. Hawa hawatembei. Kila mmoja amesimama kwenye karatasi yake. Akafunua mpaka mwisho, akahesabu: wasichana kumi na wawili, gauni moja, macho mamoja. Wa mwisho amekuta kuku analalia mayai ndani ya kofia ya mzee.

"Mama yao alipata kazi," Bibi akasema.

Akangoja. Kitabu hakikusema mama yao ni nani, wala kwa nini aliwavalisha sare, wala mzee yule aliazima wapi kofia. Yaani hiki bubu ndicho kilichomnyang'anya mgongo wa Winnie. Wivu ukampanda mpaka kwenye masikio. Akaenda kwenye gunia, akatia mkono mpaka kiwiko, akakizika kitabu katikati ya dagaa.

Waliporudi, Winnie akatafuta chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, ndani ya sufuria.

"Labda panya," Bibi akasema, akichagua mchele kwa bidii isiyo ya kawaida.

Jumatatu Winnie akarudi kutoka shule na macho mekundu. Asiyerudisha kitabu hapewi kingine, na mwalimu amesema mtu mzima aje Alhamisi. Bibi akapigapiga mapaja. Mtoto akalala mkekani, uso ukutani. Bibi akatoa kopo la senene waliokaangwa, wale panzi watamu wa kwao, lile analolifungua Krismasi tu.

"Sitaki."

Siku mbili nzima Winnie hakuja pajani wala kula senene. Bibi alikuwa amekiondoa kitabu, na nafasi ile bado ilikuwa tupu. Jumatano jioni akatia tena mkono guniani.

"Nimekipata. Panya alikuwa ameshaanza kukiburuta."

Winnie akakikumbatia, kisha akakisogeza mbali na pua. "Bibi, kinanuka dagaa."

"Panya mwenyewe anakaa humo guniani."

Mtoto akamtazama kwa muda ambao haukumpendeza Bibi.

Alhamisi Bibi akavaa kitenge chake cha harusi za watu, akapanda ngazi za mawe mpaka shuleni.

"Shikamoo Bibi," Mwalimu Odeta akasema.

"Marahaba, mwanangu. Panya wa kwetu ni wakubwa."

Mwalimu akapokea kitabu, akakinusa kidogo. Akamkalisha kwenye benchi la nyuma, magoti yakamfika kidevuni, kisha akawageukia watoto sitini na kukiinua kitabu kile kile.

"Mnaona nini hapa?"

"Kuku anakimbia."

"Anakimbia kwa sababu gani? Nani ameona kitu cha kumtisha?"

Vidole vikapanda. Mmoja aliona mkia wa mbwa nyuma ya mlango, mwingine akasema hapana, kuku ana siri. Mwalimu akawaacha wabishane, akashika kona ya ukurasa, akaanza kuugeuza, akaurudisha.

"Mnafikiri msichana atakwenda wapi sasa?"

Darasa likaguna kwa utamu, na Bibi akahisi kama ameibiwa sufuria jikoni mwake huku anaangalia. Kukata pale penye utamu ilikuwa kazi yake. Miaka yote alidhani iko kwake peke yake, kumbe binti huyu ameipata, pengine kaipata chuoni, pengine kapeperushiwa na upepo wa ziwani. Na Winnie pale mbele, kidole juu, macho yanang'aa kwa namna ambayo Bibi aliijua. Macho hayo yalikuwa yake.

Akashindwa kunyamaza.

"Samahani, mwalimu. Unasema msichana. Yupi?"

"Huyu hapa, Bibi."

"Sawa, huyo. Ila yupo na yule wa sokoni, na wa kwenye mawe. Wako kumi na wawili."

Darasa likacheka lote. Winnie akageuka, shingo imezama mabegani.

"Bibi, ni huyo huyo. Ni mmoja. Anaendelea."

Masikio ya Bibi yakapata moto. Akaelewa hapo hapo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo: karatasi kumi na mbili, mtoto mmoja, safari moja. Aliyekuwa hatembei alikuwa anatembea muda wote, ila yeye hakumwona. Mtu mwingine angeshika kitenge chake akaenda zake. Lakini mwanamke aliyewahi kuingiza kanisa tumboni mwa samaki harudi nyuma kwa sababu ya msichana mmoja.

"Mmoja?" akasema, akiinuka kwa kushikilia vichwa vya watoto wawili. "Nani kawaambia? Nipeni hicho kitabu."

Mwalimu Odeta akampa. Bibi akasimama mbele, akaweka mkono kiunoni.

"Mnataka ukweli au mnataka utamu?"

Watoto wakatazamana, hawajui wachague lipi. Bibi akajiona mzee kweli, na kitenge chake kikaonekana cha harusi.

"Utamu," akasema Winnie, taratibu.

Basi Bibi akawapa. Mama wa wasichana hawa alishikwa na uchungu pale Kigongo, enzi za kivuko, kabla ya daraja. Kivuko kikang'oa nanga, mtoto wa kwanza huyo. Katikati ya maji wamefika saba. Kilipogusa Busisi, ng'ambo ya pili, walikuwa kumi na wawili, na wa kwanza ameshaota meno. Nahodha hakujua awakatie tiketi ngapi, na kitambaa kilichokuwemo kivukoni kilikuwa jora moja la njano.

"Hamwamini? Njooni. Huyu wa kwanza hesabuni vifungo vya gauni."

"Vitatu."

"Huyu wa sokoni?"

Watoto wakasogea, pua karibu na karatasi. "Viwili."

"Kama ni mtu mmoja, kifungo kimekwenda wapi?"

Mwalimu Odeta naye akainama. Alikuwa amekisoma kitabu hicho miaka miwili, vifungo hakuwahi kuvihesabu. Mtoto mmoja akagundua ndala: huku nyekundu, kule bluu. Mwingine akapiga kelele kwamba hata kuku si yule, mkia wake umepungua. Wakabishana, wakafunua mbele na nyuma, wakaita mashahidi, wengine wakishikilia kuwa ni mmoja ila kifungo kilidondoka sokoni, na wakarudi sokoni kukitafuta chini ya meza za nyanya. Kengele ikalia wasiisikie.

Watoto walipotoka, mwalimu alibaki ameshika kitabu. Bibi akautazama uso ule akamtambua aliyemo, kama unavyomtambua ndugu yako stendi. Ulikuwa wivu.

"Muhula mzima nawafundisha kuangalia," Mwalimu Odeta akasema. "Wewe umetumia nusu saa."

"Mimi sijafundisha. Nimewadanganya tu."

"Basi uje uwadanganye kila Alhamisi."

Bibi akasema ataangalia ratiba yake. Ratiba yake ilikuwa gunia la dagaa.

Akaenda Alhamisi ile iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mwalimu alimwazima kitabu mapema ili akakitazame nyumbani, na Bibi akakitazama kweli, kidole kwa kidole, kwa sababu watoto walikuwa wameanza kumkamata. Mtaani wakamwita Bibi Vifungo. Masele akabaki na viatu vyake. Darasani watoto waligombea kushika ncha ya kitenge chake, na wiki ya nne mtoto mmoja wa Mkuyuni, bila kuuliza, akajipenyeza akakaa katikati ya magoti ya Bibi, mgongo ukaegemea tumbo. Bibi alikuwa kwenye sehemu tamu, hakumwondoa. Winnie akasimama pembeni, mikono nyuma.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, kitenge kimeshafungwa, kitabu hakionekani. Bibi akatafuta chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, ndani ya sufuria.

"Winnie, umekiona?"

Winnie alikuwa anakunywa uji, macho ndani ya kikombe. "Labda panya."

Bibi akasimama. Kisha akaenda mlangoni, akatia mkono guniani, polepole, mpaka kiwiko. Vidole vikagusa jalada.

Akageuka. Mtoto alikuwa ameacha kunywa. Hakuomba msamaha, hakulia. Alimkazia Bibi yake macho kama mtu anayedai chake, na Bibi, tangu azaliwe, hakuwahi kutazamwa kwa uzuri kiasi kile.

Watoto sitini walikuwa wanamsubiri juu kule, na mwalimu, na yule wa Mkuyuni. Akawafikiria. Kisha akakisukuma kitabu chini zaidi, akafukia kwa dagaa, akasawazisha juu kwa kiganja.

"Panya wa kwetu hawana adabu," akasema. "Kamwambie mwalimu leo goti linauma. Alhamisi zipo nyingi. Njoo kwanza nikufunge vifungo."

Winnie akaja mbio, akajipenyeza katikati ya magoti, akaegemea. Vifungo vya sare vilikuwa vitatu, na vyote vilikuwa vimeshafungwa. Bibi akavifungua, akaanza upya.