Mikono Nyuma, Korongo Wanalea

Enzi zetu, ukirudi shule hukuulizwa habari za daftari. Uliulizwa, "Leo zamu ya nani kinamasini?" Kijijini kwetu, karibu na Bukoba, kila nyumba iliyopakana na kinamasi iliacha ukanda wa mafunjo bila kuukata mpaka makinda ya korongo yaweze kuruka, na sisi watoto tulilinda viota kwa zamu. Silaha yetu ilikuwa debe bovu la kufukuzia mbwa. Tulirudi jioni tunanuka matope, ruba miguuni, na mfukoni senene, panzi wetu wa kukaanga, waliochanganyika na vumbi la chaki. Tuliwala hivyo hivyo, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Msimamizi wetu alikuwa Mama Koku, muuza ndizi ambaye sauti yake ilifika ng'ambo ya pili bila taabu. Sheria yake ilikuwa moja: "Macho mbele, mikono nyuma!" Zamani watu waliokota makinda wakayakata mabawa na kuyafuga uani kama pambo, mpaka korongo wakabaki wachache mno.

Nilipokuwa darasa la nne, mvua kubwa ilinikuta kwenye zamu. Maji yakapanda, nikamwona kinda peke yake juu ya mafunjo yaliyolala, anatetemeka. Wazazi wake siwaoni. Nikasahau sheria. Nilimtia ndani ya sweta, nikakimbia naye nyumbani, nikamlisha senene wangu wote huku nikijiona shujaa.

Mama aliacha kumenya ndizi. "Umemwokoa, au umemwiba?" Kabla sijajibu, tukasikia korongo wawili wakilia kule kinamasini. Wananyamaza kidogo, wanaanza tena. Sijawahi kuona aibu kama ile. Watu walikuwa wanamtafuta mtoto wao, naye yuko jikoni kwetu.

Mama Koku alipoitwa hakunichapa, na heri angenichapa. Alinipeleka kwenye mvua ile ile nikamrudishe mwenyewe. Nilimweka pakavu, tukaenda kujibanza mbali. Korongo mmoja alitua, akapiga hatua mbili tatu kuelekea kwa kinda, kisha ukungu ukafunika kila kitu. Sikujua kama alimpokea.

Kiangazi kilipofika, korongo walikusanyika ufukweni mwa ziwa kama kawaida yao. Nilikwenda kila Jumamosi kumtafuta wangu. Vijana wa mwaka ule walikuwapo kadhaa, wote rangi ya kahawia, wote wanarukaruka kuiga dansi ya wakubwa. Nikaangua kilio. Mama Koku akaniambia, "Hutamjua, Kemi. Basi wapungie wote."

Niliwapungia mpaka mkono ukachoka.

Sasa naishi Fisksätra, huku kwa Waswidi. Kila mwanzo wa machipuko majirani tunaokota takataka kando ya ghuba, Wakongo, Wakenya na Waswidi, tukigombana kwa upole kuhusu nani kaleta chai yenye tangawizi ya kutosha. Korongo wa huku hawana taji la manyoya kichwani kama wa kwetu, lakini wakipita juu moyo wangu unaruka. Vijana wetu, Mungu awabariki, wanataka kwanza simu iwatajie jina la ndege ndipo wainue shingo. Juzi nilikuwa na binti yangu tunasubiri treni, kundi likapita, nikapunga mkono. "Mamma, snälla, folk tittar!" akanong'ona kwa Kiswidi, kwamba watu wanatazama, akasogea kando kana kwamba hanijui. Waache watu watazame. Natamani angewaona wale wa kwetu, na mimi nikiwa na miguu ya matope.

Jana mdogo wangu Deo alinipigia simu kutoka nyumbani. Mama Koku ametangulia mbele ya haki siku nyingi, na sehemu kubwa ya kinamasi sasa ni mashamba ya kabichi. Lakini ukanda wa kwetu haujakatwa, na wajukuu wa Mama Koku wanalinda kiota.

"Wapungie korongo kwa niaba yangu," nikamwambia.

Deo akacheka kidogo. "Dada, wamebaki wawili tu."

"Basi wapungie kwa mbali," nikasema, "halafu urudishe mikono nyuma."