Shingo Isiyo na Shanga

Mume wangu alikuwa na mikono mizuri. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani namsingizia, au kwamba niliolewa na mtu mbaya nikachelewa kumtambua. Alikuwa mpole. Hata mbuzi aliokuwa akiwapeleka sokoni Kakuma walimfuata bila kamba.

Mwaka wa 2012 nilikuwa nashona nguo katika soko la kambi ya wakimbizi. Wateja wangu wengi walikuwa akina mama wa Sudan Kusini, ambao Jumapili hawakubali kwenda kanisani na gauni ambalo jirani ameshaliona. Basi kutwa nimeinama juu ya cherehani, na shingoni nimebeba shanga zangu zote, safu juu ya safu kutoka mabegani mpaka chini ya kidevu, kama inavyompasa mwanamke wa Kiturkana mwenye mume. Zile shanga watu huzipiga picha tu. Hakuna anayeuliza uzito wake.

Maumivu yalianza kisogoni, yakashuka begani, yakaingia mkono wa kulia mpaka vidoleni. Nilikandwa, nikapakwa mafuta ya kondoo, nikameza vidonge vya dukani. Siku moja mkasi uliniponyoka, nusura umchome mteja mguuni.

"Dada, mkono yako imelala," yule mteja akaniambia. "Enda hospitali. Nguo itangoja."

Nilienda kwa sababu niliogopa. Mbuzi wanauzwa leo, kesho hakuna, lakini cherehani ndiyo iliyotulisha kila siku. Mkono ule ukifa, nyumba nzima imekwisha.

Mume wangu akanisindikiza mpaka Lodwar. Daktari wa mazoezi ya viungo, kijana kutoka mbali huko, akainua picha ya shingo yangu kwenye mwanga wa dirisha. Akaeleza kwamba mifupa ya shingo inalika, na vile vitu laini vinavyoitenganisha, kama mito ya kulalia, vimekauka na kubonyea. Mshipa unaoshuka mkononi ulikuwa umebanwa.

"Ni ugonjwa wa wazee?" nikamuuliza.

"Mama, wazee wanapata, na wenye wanainama na kubeba pia wanapata. Haitarudi kuwa mpya, lakini tukitoa mzigo, ule mshipa utapumua."

Akanipa dawa za maumivu na kola laini ya kuvaa kwa muda. Akanifundisha kurudisha kidevu nyuma polepole na kukaza mabega. Meza ya cherehani iinuliwe, maji nisibebe kichwani. Yote hayo nikayakubali. Kisha akagusa shanga zangu kwa kalamu, akasema nazo zitoke.

Kwetu mwanamke havui shanga zote hivi hivi. Anazivua akifiwa na mume. Ukimwona na shingo tupu huulizi kitu, unampa pole. Nikamwambia daktari kwamba anataka kunifanya mjane na mume wangu huyu hapa, tumeketi naye benchi moja. Kijana akacheka, akidhani namtania.

Mume wangu hakucheka. Akasema, "Toa. Afya yako kwanza. Mama yangu nitamwambia mimi."

Kwa kuwa mkono wangu haukufika kisogoni, alizivua yeye. Alizifungua safu moja baada ya nyingine, akazilaza kwenye mfuko wa unga, taratibu, asije akanitonesha. Alipomaliza akanipuliza shingoni pale palipokuwa na jasho. Siku ile nilimpenda kuliko siku aliyonioa, na mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa ameketi na majirani wawili. Hakujibu salamu yangu. Aliitazama kola, akaitazama ngozi iliyobaki wazi, kisha akauliza kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, "Nani amekufa hapa?"

Nikamtazama mume wangu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nangoja tu afungue kinywa.

"Hata mimi nimeshangaa, mama," akasema. "Nilikuwa nje. Alitoka kwa daktari hivyo."

Nilidhani anatafuta pa kuanzia. Nikamwambia, "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

Na mfuko wa shanga ulikuwa begani mwake. Mama mkwe akasema mwanamke anayemwombea mumewe kifo hatalala katika boma lake, basi zirudi pale zilipokuwa. Mume wangu akaushusha mfuko. Akanivua kola, akanifunga zile shanga, taratibu vilevile, na alipoinama kwenye sikio langu akanong'ona, "Vumilia kidogo. Unamjua mama."

Nilimjua mama. Mume wangu ndiye niliyekuwa simjui. Mama mkwe alisema alichokiamini, na sijawahi kumchukia kwa hilo. Lakini huyu alikuwa amesikia kila neno la daktari, ameiona picha, anajua mkono unaenda wapi, na bado alinirudishia mzigo ule kwa vidole vyake mwenyewe ili asigombezwe mbele ya majirani.

Mazoezi nilifanya, lakini yangesaidia nini na kilo zile shingoni. Kufikia mwaka wa 2013 nilikuwa siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Cherehani ikafunikwa. Mume wangu akawa ananiletea dawa ya kuchua kutoka madukani kambini, anaiweka karibu nami, nami namwacha aiweke.

Kisha nikaenda Lodwar peke yangu. Muuguzi ndiye aliyenivua shanga, nikarudi kwenye benchi kumngoja daktari. Karibu nami aliketi mama mmoja kutoka Lorugum.

"Ejok," akanisalimia, kisha akaiona shingo yangu, na uso wake ukabadilika. "Pole sana, ndugu yangu. Mzee aliugua?"

Ningeweza kumweleza habari ya mifupa na mshipa.

"Hapana," nikamwambia. "Ilikuwa ghafla. Mbele ya mama yake."

Akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka nikaitwa ndani.